Paka Anapiga Chafya Kila Mara: Namna ya Kujua Chanzo na la Kufanya

Maswali ni yale yale kila wiki. Paka wangu anapiga chafya, nimpe Panadol? Watoto wataambukizwa? Ninunue antibiotiki gani? Tuyajibu hayo matatu kabla ya lolote. Panadol usimpe hata robo. Virusi viwili vinavyoleta sehemu kubwa ya mafua ya paka havimpati binadamu. Na antibiotiki ni jambo la kufikiria baadaye, baada ya kumkagua paka na nyumba.

Paka mzima anayepiga chafya mara mbili tatu kwa siku, anakula vizuri, anacheza na pua yake ni kavu, mwache. Mwongozo huu ni wa paka anayepiga chafya mfululizo, au kila siku kwa zaidi ya siku mbili, au anayetoa kamasi, tongotongo au damu.

Kitu kimoja ukiweke akilini tangu mwanzo: paka hula kwa pua kabla ya kula kwa mdomo. Pua ikiziba, chakula hakina harufu, na chakula kisicho na harufu kwake si chakula. Atasusa. Paka anayesusa siku mbili mfululizo, hasa aliyenenepa, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na ini huanza kushindwa kazi. Kwa hiyo hesabu chafya, lakini macho yako yawe kwenye sahani yake.

Usisome zaidi, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, ukiona:

- anapumua mdomo ukiwa wazi, au anapumua zaidi ya mara 40 kwa dakika akiwa amelala (kawaida ni 15 hadi 30);
- fizi zimekuwa za buluu, kijivu au kahawia;
- hajala kitu kwa saa 24; kwa mtoto wa paka wa chini ya wiki nane, saa 12 tu zinatosha;
- damu inatoka puani na haikomi;
- jicho halifunguki, au limeingia ukungu mweupe.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Simu ya kurekodi video.
- Tochi ndogo.
- Kanga kuukuu au taulo la kumfungia.
- Pamba.
- Maji ya chumvi ya 0.9%, yale ya chupa yanayouzwa duka la dawa. Ukiyakosa, chemsha nusu lita ya maji, tia chumvi gramu 4.5 (kijiko cha chai kisichojaa), koroga, acha yapoe. Tengeneza mapya kila siku.
- Bomba la sindano la ml 1, bila sindano yenyewe.
- Mizani ya jikoni, kama ni mtoto wa paka.
- Jiki ya kawaida isiyo na manukato.
- Chumba kimoja, hata stoo, chenye hewa na kinachofungika.
- Daftari. Andika tarehe, idadi ya chafya na alichokula. Daktari atakushukuru.

Hatua ya 1: Hakikisha ni chafya kweli

Wengi wanaosema paka wao anapiga chafya, ukiona video unakuta anakohoa. Tofauti iko kwenye mkao. Anayepiga chafya hutupa kichwa mbele, hewa hutoka kwa pua, kisha hujilamba pua. Anayekohoa hujikunja chini, shingo imenyooka karibu na sakafu, sauti inatoka kifuani; huyo huenda ana pumu au shida ya mapafu, na hatua za hapa chini hazitamfaa. Anayetaka kutapika nywele utaona tumbo likijivuta kwa nguvu mara kadhaa. Rekodi matukio mawili au matatu. Paka akifika kliniki hukaa kimya kabisa, na video ndiyo itakayomsemea.

Hatua ya 2: Pima matundu ya pua, moja moja

Hii ndiyo hatua inayofungua fumbo, na wengi huiruka. Vuta unyuzi wa pamba mwembamba kama uzi wa buibui. Zima feni. Mfunge paka kwa kanga, mabega na miguu ndani, kichwa nje, kama unavyofunga mtoto mchanga. Subiri atulie. Shika unyuzi mbele ya tundu la kushoto bila kugusa sharubu, utazame ukicheza kwa kila pumzi. Hamia la kulia. Rudia mara mbili.

Wengine hutumia kijiko kilichotoka kwenye friji na kutazama ukungu wa pumzi. Bara kwenye hewa kavu kinafanya kazi. Dar, Tanga, Mombasa au Unguja hewa ina unyevu mwingi, kijiko cha baridi hupata ukungu chenyewe kabla hata hujakisogeza kwa paka, na utadanganyika. Pamba haidanganyi.

Hewa ikitoka sawa pande zote mbili, na kamasi likitoka pande zote, fikiria virusi, moshi au vumbi. Tundu moja likiwa limeziba, au kamasi likitoka upande mmoja tu, fikiria kitu kilichonasa, jino bovu, kinyama kilichoota ndani ya njia ya pua, uvimbe au kuvu. Mafua ya kawaida mara chache huchagua upande mmoja yakakaa hapo.

Hatua ya 3: Soma kamasi, macho na ulimi

Kamasi jepesi kama maji: moshi, vumbi, au siku za mwanzo za virusi. La njano au kijani: bakteria wamepata nafasi juu ya kilichoanza. La damu: jani lililonasa, jino, uvimbe, au mishipa midogo iliyopasuka kwa kupiga chafya kwa nguvu, damu ya mara moja itazame, damu ya kurudia mpeleke.

Kisha tazama macho na kinywa, maana vijidudu vya mafua ya paka havifanani tabia. Virusi vya hepesi ya paka huandama pua na macho: kamasi zito, macho mekundu yanayotoa tongotongo, wakati mwingine kidonda juu ya mboni. Kalisi, virusi vya pili, huandama kinywa: vidonda kwenye ulimi, udenda unaning'inia, na watoto wa paka huweza kuchechemea siku moja mbili. Klamidia, ambayo ni bakteria, huanza jicho moja, linavimba na kuwa jekundu, siku chache baadaye la pili linafuata, huku chafya zikiwa kidogo tu. Hii ya mwisho mara chache sana humwingia mtu machoni, kwa hiyo nawa mikono kwa sabuni kila ukimsafisha, na usijifute macho.

Hatua ya 4: Ikague nyumba kwa kimo cha paka

Piga magoti. Pua ya paka iko kama sentimita 20 kutoka sakafuni, na huko ndiko mengi ya kuwasha pua yanakotua.

Anza na moshi. Udi na ubani ndani ya chumba kilichofungwa, jiko la mkaa, sigara, dawa ya mbu ya kuwasha inayoteketea usiku kucha chini ya kitanda ambako paka naye amelala. Pilipili inayokaangwa. Kisha unga na vumbi: sabuni ya unga iliyomwagika, saruji na rangi za ujenzi, vumbi la mbao, majivu. Mchanga wa choo cha paka pia umo. Ukimimina ukaona wingu linapanda, wingu hilo analivuta yeye kila anapofukua. Na usisahau manukato, dawa za kupulizia wadudu na mafuta ya nywele ya kupuliza.

Dawa za wadudu zina hatari kubwa kuliko chafya. Zenye permethrini humtia paka mtetemeko na degedege, na zile za kupaka mbwa kwa ajili ya viroboto zimeua paka wengi. Usimpake kamwe.

Fanya jaribio la siku tatu. Acha udi, dawa ya mbu ya kuwasha na vya kupuliza vyote, tumia chandarua. Pikia nje au fungua madirisha pande mbili. Deki kwa maji matupu badala ya kufagia makavu. Hesabu chafya asubuhi na jioni. Zikipungua nusu au zaidi, umempata mkosaji. Rudisha kitu kimoja kimoja, kila kimoja siku mbili, mpaka umjue kwa jina. Kosa linalorudiwa ni kuvirudisha vyote siku moja, kisha hujui tena ni udi au ni sabuni.

Hatua ya 5: Fungua mdomo, tazama chonge za juu

Mizizi ya chonge za juu imetenganishwa na pua kwa mfupa mwembamba sana. Jino likioza hapo, usaha hutoboa kwenda puani, na paka hupiga chafya miezi na miezi huku akipewa dawa za mafua. Hili ni la paka wenye umri, lakini hata kijana aliyevunjika chonge huweza kulipata. Inua mdomo wa juu kwa kidole gumba, mulika: ukoko wa kahawia, fizi nyekundu kama damu, harufu kali, chonge inayocheza. Ukiyaona, tiba ni kung'oa jino chini ya nusukaputi. Vidonge pekee vitapunguza usaha wiki mbili kisha utarudi.

Hatua ya 6: Mtenge

Kama una paka wengine na umeshuku virusi, mtenge leo. Mweke peke yake angalau siku 14, na vyombo vyake viwe mbali na vya wenzake kwa zaidi ya mita moja na nusu, maana chafya hurusha matone. Hudumia wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha nawa na ubadilishe kanga au shati ulilombebea.

Hepesi haiishi nje ya mwili zaidi ya saa 18 hivi. Kalisi ni sugu, huweza kukaa hadi mwezi kwenye sahani au sakafu kavu, na sabuni peke yake haiimalizi. Osha chombo kwa sabuni kwanza, kisha kiloweke kwenye jiki: vijiko vitatu vya chakula (kama ml 45) kwa lita moja ya maji, dakika 10, suuza sana, anika.

Onyo: usitumie dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini. Nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ini la paka haliwezi kuziondoa. Anakanyaga sakafu iliyodekiwa nayo, analamba miguu, anaungua ulimi na kupata sumu.

Hatua ya 7: Zibua pua

Mara mbili hadi tatu kwa siku, na kila mara kabla ya mlo.

Ingia naye bafuni, funga mlango, mwaga maji ya moto kwenye beseni na uliweke mahali asipolifikia. Kaeni humo dakika 10 hadi 15. Usimwinamishe juu ya sufuria yenye mvuke. Ataungua, au atakurarua na hutamshika tena wiki nzima. Usitie majani ya mkaratusi, mafuta yake, wala dawa za kuchua zenye harufu kali. Kwetu huzibua pua. Kwa paka ni sumu, na hata harufu yake huzidi kumwasha.

Mvuke ukishalegeza, lowesha pamba kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, ikandamize juu ya gamba la kamasi sekunde 30, kisha futa kuelekea nje. Usilibandue likiwa kavu, ngozi ya pua itatoka nalo. Mwisho, tone moja au mawili ya maji ya chumvi kila tundu. Atapiga chafya hapo hapo na kamasi litatoka, ndivyo inavyotakiwa. Macho tumia pamba nyingine, kila jicho lake.

Hatua ya 8: Mlishe kwa harufu

Chakula kiwe na joto la mwili, karibu nyuzi 38; kidole kikihisi uvuguvugu basi. Weka kibakuli ndani ya maji ya moto dakika chache. Chagua chenye harufu: dagaa waliochemshwa wakapondwa, vibua vilivyotolewa miiba, maini kidogo ya kuku. Supu ya samaki ni nzuri kwa maji mwilini, ila ichemshwe bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu. Vitunguu huharibu damu ya paka. Kijiko kimoja cha chai kila saa mbili tatu kinamfaa kuliko sahani iliyojaa. Mwenye vidonda vya ulimi mpe laini kama uji, kisicho cha moto.

Usimsukumie chakula kwa bomba akiwa amelala chali. Kitaingia mapafuni na utakuwa umeongeza nimonia.

Mtoto wa paka mpime kila asubuhi saa ile ile. Anatakiwa aongezeke kila siku. Asipoongezeka siku mbili, au akipungua hata siku moja, mpeleke.

Hatua ya 9: Dawa ni za daktari

Panadol inahitaji maelezo kwa sababu paka bado wanakufa nayo. Paka hana vimeng'enya vya kutosha vya kuivunja. Nusu kidonge cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima: damu inageuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni, uso na miguu vinavimba. Kama ameshapewa, usingoje dalili, kimbia kliniki na pakiti mkononi. Ibuprofeni na dawa za mafua za binadamu pia usimpe.

Antibiotiki haziui virusi. Mafua mengi hupungua yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Daktari huzifikiria paka anapokuwa na homa (joto la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2), amenyong'onyea na hali chakula huku kamasi likiwa la usaha, au siku 10 zimepita bila nafuu. Mara nyingi huanza na doksisaiklini. Ukiandikiwa vidonge vyake, kila kidonge kifuate ml 5 au 6 za maji au kijiko cha chakula laini. Kikikwama kooni huchoma, na kovu lake huziba njia ya chakula.

Marhamu ya macho ya binadamu angalia kiambato kabla ya kupaka. Chenye deksamethasoni, bethamethasoni au haidrokotisoni kikiingia kwenye jicho lenye kidonda cha hepesi huweza kulitoboa. Vidonge vya laisini vinavyosifiwa kwa hepesi havijaonyesha faida vilipopimwa; pesa hiyo nunulia samaki.

Hatua ya 10: Akipona, chanjo

Chanjo ya paka ya magonjwa matatu hukinga hepesi, kalisi na ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa paka. Huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, kisha mara moja kabla ya kutimiza mwaka au anapotimiza. Baada ya hapo fuata ratiba ya daktari. Aliyechanjwa anaweza bado kupata mafua, lakini yatakuwa mepesi.

Ukikwama

*Zinapona, zinarudi kila miezi michache.* Mara nyingi hiyo ni hepesi. Hubaki mwilini maisha yote na huamka paka akipata msukosuko: kuhama nyumba, paka mpya, nyumba kujaa wageni wa sikukuu. Hesabu nyuma siku 4 hadi 12 tangu chafya zilipoanza, mara nyingi utakiona kisa. Wakati wa shughuli mpe chumba chake tulivu, maji na choo chake humo humo.

*Zilianza ghafla, nyingi mno, na anajifuta pua kwa mguu.* Amevuta jani au unyasi nje. Huenda umejificha nyuma ya kaakaa laini, ndiyo maana wengine humeza-meza au kujikaba. Usitie kibano puani. Daktari atamlaza na kuutoa.

*Alipata nafuu kwa antibiotiki, kisha upande ule ule ukarudi.* Usirudie dozi. Omba meno yakaguliwe na kichwa kipigwe picha. Paka kijana anayekoroma hata akiwa macho, mara nyingi ni kinyama kilichoota nyuma ya pua, na kinatolewa. Mzee mwenye damu na uso unaopinda, daktari atafute saratani mapema.

*Mgongo wa pua umevimba.* Inaweza kuwa kuvu aitwaye kriptokoka, ambaye hupenda kinyesi cha njiwa. Tiba ni ya miezi, usiikatishe uvimbe unapoisha.

*Kamasi halikomi mwaka wa pili, vipimo vyote safi.* Virusi vya utotoni viliharibu vifupa vya ndani ya pua. Haviponi tena. Endelea na mvuke na maji ya chumvi, nyumba iwe haina moshi, na mpeleke kamasi linapobadilika rangi au anapoanza kuacha chakula. Paka wa namna hii huishi miaka mingi akila vizuri na kukoroma usiku.

*Tongotongo limegandisha kope za mtoto wa paka.* Usizivute. Weka pamba ya uvuguvugu dakika tano, futa, rudia mpaka zifunguke zenyewe. Usaha ukitoka chini ya kope, au mboni haing'ai, mpeleke siku hiyo hiyo. Kidonda cha jicho kwa paka mdogo hakingoji kesho.